Kombaini ya zamani: usilombe piesi, lomba namba

Yaya, nimesoma swali yako: umenunua kombaini, ile mashini ya kuvuna, ya miaka ya 80 kule Zambia, umeileta mpaka upande wa Kipushi, na sasa kila duka unaingia hapa Lubumbashi banakuambia piesi (vipuri) yake haitengenezwe tena, unauliza kama uikate tu uuzishe chuma. Hapana yaya, ngoja kwanza.

Mi nilikuwa na Massey Ferguson yenye injini ya Perkins 6.354, tulivuna nayo mahindi misimu 6 ku barabara ya Kasenga, na mwaka wa kwanza nililia piesi sawa vile weye uko unalia. Kosa yangu ilikuwa moja: nilikuwa naingia mu duka nalomba "rulma ya kombaini", njo kusema beringi. Hakuna mutu mu muji hii anauzisha rulma ya kombaini! Siku moja muzee mumoja mekano wa zamani wa ku mine akakamata ile rulma yangu, akaipangusa na kitambaa ya mazutu, akanionyesha namba pembeni: 6206. Akasema hii iko mu pompe ya maji, iko mu motere ya umeme, iko mu konvoyeri ya mawe, weye njo unaiita ya kombaini.

Kuanzia siku ile natembea na piakulisi, kile kipimo ya milimetre, mu mufuko. Namba mbili za mwisho unazidisha na 5 unapata tundu ya ndani, kuanzia 04 kwenda mbele, kwa hiyo 6206 ni milimetre 30, nje iko 62, unene 16. 6205 ni 25. Ile yenye kukaa mu nyumba yake ya chuma, UC207, ni 35. Sili ya mafuta nayo banaandika juu yake, 35-52-7, tundu, nje, unene, basi. Sheni unapima katikati ya pini na pini, lakini usipime moja, pima kumi kiisha ugawanye, juu sheni ya zamani inavutika na itakudanganya: milimetre 15.875 ni namba 50, 19.05 ni namba 60. Na usiweke sheni mupya ku gurudumu yenye meno imeshakulika, utazitupa zote mbili. Mikanda ya kawaida pia pima upana wa juu, 17 ni B, 22 ni C, na urefu unasoma ku mukanda wenyewe kama maandishi haijafutika. Huu muji unaishi na shaba, yaya, kwa hiyo batu benye banauzisha bintu ya mine njo benye piesi yako, hata kama beye benyewe habajue kombaini inafananaje.

Injini isikuogopeshe kama nayo ni Perkins. Massey Ferguson ilinunua Perkins mwaka 1959, njo maana unaikuta mu mashini zake mingi, na ile 6.354, silinda 6, litre 5.8, baliiweka mu malori, mu mashua, mu kompresa. Mi sigmenti (ringi za pistoni) na gasketi nilipata mbele ya kupata tairi.

Sasa kwenye kuko shida ya kweli: ule mukanda mupana wa kubadilisha mwendo. Ule hauna ndugu. Usijaribu kuunga, usijaribu wenye kufanana. Unatafuta kule Mkushi, Zambia, kuko mashamba makubwa, unaenda na namba ya ku plake ya mashini na mukanda wenyewe wa zamani, na unaenda mu mwezi wa kwanza. Ukingoja mwezi wa nne mahindi ikauke, utapita mupaka wa Kasumbalesa na roho mu mukono na shamba iko inakungoja.

Tena kuko ile ngoma ya kupiga mahindi. Chuma yake moja yenye meno ilipasuka, nikabadilisha paka ile moja, nikajiona mujanja. Siku ya pili kombaini yote inatetemeka sawa mutu wa malaria, na mbele ya juma kuisha rulma ya ngoma imekufa. Zile chuma zinabadilishwa mbili mbili, hii na ile ya ngambo yake, uzito sawa, kama si vile ngoma inapoteza balansi. Hiyo somo ililipwa dola, siyo franga.

Bulo (bolti): mashini ya zamani ya Uingereza na Marekani iko na bulo ya inchi, usiruhusu kijana akulazimishie ya milimetre, itaingia mizunguko miwili kiisha itakula uzi wote.

Kila jioni ondoa vumbi na majani ku injini na ku egzosi, juu kombaini mingi zinakufa na moto. Na kwa mahindi punguza mwendo wa ngoma, mi nilikuwa kati ya mizunguko 400 na 600 kwa dakika, ukiiacha ku mwendo wa ngano, karibu 1000, utavuna unga.

Kesho asubuhi ondoa mikanda yote, zungusha kila ekseli na mukono, polepole, usikilize. Kwenye inalia krr, weka alama na chaki, fungua, pangusa, soma namba. Kiisha tuma hapa orodha nikuambie gani unanunua muji na gani unaendea ngambo.