Kwa nini kuzidisha asidi na besi hakuongezi nyuzi joto

Mdogo wangu, kipimajoto chako hakijaharibika. Unasema mlichanganya mililita 50 za asidi hidrokloriki na 50 za hidroksidi ya sodiamu (ndiyo besi yenu), joto likapanda karibu nyuzi 7. Mkarudia kwa 100 na 100, likapanda vilevile. Ndivyo inavyotakiwa.

Joto linatoka pale ioni ya hidrojeni inaposhikana na ioni ya hidroksidi kuwa maji: karibu kilojuli 57 kwa kila moli ya maji (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe kwa mafungu makubwa). Kama vimiminika vyako ni vya moli 1 kwa lita, mililita 50 zinakupa moli 0.05, yaani kilojuli 2.85. Ukichanganya 50 na 50 unapata kama gramu 100 za maji, nazo zinataka juli 418 ili zipande nyuzi moja. Gawanya juli 2,850 kwa 418: nyuzi 6.8. Ukizidisha ujazo mara mbili, joto linalotoka ni mara mbili kweli, lakini na maji ya kupashwa ni mara mbili. Ukitaka nyuzi zipande zaidi, ongeza ukolezi (moli kwa kila lita) wa vyote viwili, si ujazo (na vaa miwani, tafadhali).

Asidi salfuriki, ile inayotumika viwandani huku kwetu Lubumbashi kuyeyushia madini ya shaba, kila moli yake hutoa moli mbili za maji. Kwa ukolezi uleule wa moli 1 kwa lita, mililita 50 zake zitahitaji 100 za besi, na joto litapanda karibu nyuzi 9. Hili hupenda kuwatega watu kwenye mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari.

Halafu tumieni kikombe cha plastiki. Cha kioo kinakula joto.