Dubu wa mitumba ya soko la Memorial, Moshi

Dada, unashangaa mwanao hapo Moshi kamganda dubu wa manyoya wakati Kilimanjaro nzima haina dubu hata mmoja. Chanzo ni Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani. Mwaka 1902 alikuwa mawindoni Mississippi. Wenzake wakamfungia dubu mtini ili ampige risasi bila jasho, akakataa. Mchora katuni wa gazeti akalichora tukio, kisha mwenye duka mmoja Brooklyn na mkewe wakashona mdoli wa dubu, wakampa jina la utani la rais: Teddy. (Dubu mwenyewe hakupona, rais aliagiza auawe asiteseke. Hiyo usimsimulie mtoto!) Sisi hadithi zetu ni sungura na fisi, ila nani katushonea sungura? Marobota ya Memorial yamejaa dubu tu.