Derivativu ya intigrali: andika sharti la mwanzo kabla halijafutika

Swali likija na intigrali yenye x kwenye mpaka, usikimbilie kuitafutia jibu. Mara nyingi halipo: ∫e^(−t²) dt haiandikiki kwa fomyula za kawaida, na mtunzi wa mtihani analijua hilo. Anachotaka ni derivativu tu.

Chukua F(x) = ∫e^(−t²) dt, kutoka t = x hadi t = x². Weka mpaka wa juu mahali pa t, zidisha kwa derivativu ya mpaka huo, kisha toa kitu hichohicho cha mpaka wa chini:

F′(x) = 2x·e^(−x⁴) − e^(−x²)

Ile 2x ndiyo husahaulika. Ukiwa na shaka, pima njia yako kwa ∫cos t dt kutoka 0 hadi x². Hiyo ni sin(x²), kwa hiyo lazima upate 2x·cos(x²).

Ugumu unaanza x inapoingia na ndani. Mfano, G(x) = ∫(x − t)f(t) dt kutoka 0 hadi x. Anayeweka t = x na kuishia hapo anapata sifuri, na sifuri hiyo si jibu. Kanuni ya Leibniz inadai kipande kingine: tafuta derivativu ya kilicho ndani kwa x, t ikiachwa kama ilivyo, halafu kiingize kwenye intigrali. Hivyo G′(x) = ∫f(t) dt kutoka 0 hadi x, na G″(x) = f(x). Kwa f(t) = t, G ni x³/6 na G′ ni x²/2; inakubali.

Sasa y(x) = 4 + ∫(6 − 2y(t)) dt, kutoka 0 hadi x. Derivativu inatoa y′ = 6 − 2y, na suluhisho ni y = 3 + Ce^(−2x), C ikiwa namba isiyobadilika ambayo bado hatuijui. Hapa wengi huiacha C ikining'inia, eti swali halikutoa sharti la mwanzo, yaani thamani ya y pale x ni 0. Limetoa! Weka x = 0, intigrali inakufa, y(0) = 4, basi C = 1. Liandike pembeni mapema, kwa sababu ukishatafuta derivativu ile 4 haipo tena.

Kwenye matumizi, kosa huhamia kwenye ujazo. Tangi la lita 2000 lina lita 1000 za maji yenye kilo 20 za chumvi. Maji safi yanaingia lita 10 kwa dakika, mchanganyiko uliokorogwa vizuri unatoka lita 8. Baada ya dakika t ujazo ni lita 1000 + 2t; S ikiwa kilo za chumvi zilizobaki, basi:

S′ = −8S/(1000 + 2t), S(0) = 20

Tenganisha S na t. Upande wa kulia unatoa −4 ln(1000 + 2t): ni 4, si 8, kwa kuwa unagawa kwa ile 2 ya ndani. Jibu ni S = 20·(1000/(1000 + 2t))⁴. Dakika ya 500 chumvi ni 20/16, yaani kilo 1.25. Aliyeiacha 1000 bila 2t anapata kama kilo 0.37, maana amelihesabu tangi kana kwamba halijai.

Fomyula hiyo inakoma dakika ya 500, tangi likijaa. Ukiendelea kwa kutoa lita 10 kwa dakika, mlinganyo ni mpya, S′ = −S/200, na unaanza na kilo 1.25, si 20.