Mbwa anayetoa damu mara kwa mara: fuatilieni madini ya chuma

Ndugu yetu ameuliza iwapo mbwa wake mwenye kilo 32, ambaye kliniki imeomba awe anatoa damu ya kuwaongezea mbwa wagonjwa kila baada ya wiki nane, atadhoofika kadiri miaka inavyokwenda. Nitajibu kutokana na niliyoyaona kwa jike langu, Doa, aliyeanza kutoa damu akiwa na umri wa miaka miwili na kustaafu akiwa na minane, baada ya kutoa mara 24.

Chupa moja ya damu haina tatizo kwa mbwa mzima wa uzito huo. Mbwa ana takriban mililita 80 hadi 90 za damu kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mbwa wa ndugu yetu ana kama lita mbili na nusu hadi tatu, na mililita 450 zinazochukuliwa kwa kawaida ni kati ya asilimia 16 na 18 ya damu hiyo. Maji ya damu hurudi upesi, ndani ya siku moja au mbili iwapo anakunywa vizuri, ilhali chembe nyekundu huhitaji wiki kadhaa. Doa alikuwa akilala sana jioni ya siku hiyo, na kesho yake anadai matembezi kama kawaida. Mara moja tu alivimba shingoni, mahali sindano ilipopita, kwa sababu nilimfunga ukanda wa shingo muda mfupi baada ya kutolewa damu. Tangu hapo nilimtembeza kwa mkanda wa kifuani kwa siku tatu, wala uvimbe haukujirudia.

Shida huja polepole, na huja kupitia madini ya chuma. Kila mililita ya damu ya mbwa ina takriban nusu miligramu ya chuma, hivyo kila anapotoa damu mbwa hupoteza zaidi ya miligramu 200 kwa mkupuo. Mwili hauna njia ya haraka ya kulipa deni hilo, kwa kuwa utumbo hufyonza chuma kidogo kidogo. Uboho huendelea kutengeneza chembe nyekundu kwa akiba iliyopo, na akiba ikipungua hutengeneza chembe ndogo zenye hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) haba. Kwa muda mrefu mbwa hataonyesha dalili yoyote: atakula, atacheza, na manyoya yake yatang'aa.

Hapo ndipo nilipokosea. Kila mara kabla ya kumtoa damu walimpima hematokriti, yaani asilimia ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu, na kila mara ilikuwa 43 au 44, nami nikaridhika. Sikujua kwamba bandama ya mbwa ni ghala la chembe nyekundu, na kwamba mbwa akisisimka au kuogopa, bandama hujikaza na kuzimwaga chembe hizo kwenye mzunguko wa damu, kiasi kwamba kipimo kinachochukuliwa mbwa akiwa anahema kwa msisimko kinaweza kuonyesha nambari nzuri kuliko hali halisi. Na Doa, aliyejua kwamba baada ya kazi hupewa nyama, alikuwa akiingia mle ndani anarukaruka.

Baada ya mara 14 katika miaka miwili, daktari mgeni pale kliniki aliomba kipimo kamili cha damu. Hematokriti ilikuwa ileile, lakini wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu ulikuwa umeshuka kutoka femtolita (kipimo cha ujazo mdogo mno) 69 za mwanzo hadi 59, chini ya kiwango cha maabara. Aliagiza pia kinyesi kipimwe, kwa sababu minyoo ya safura hunyonya damu utumboni na huleta picha hiyohiyo, lakini haikuonekana. (Wenye Akita au Shiba wasishtuke mapema, maana mbwa hao wengi huzaliwa na chembe ndogo.) Doa akapumzishwa miezi mitano, akapewa dawa ya chuma kwa kipimo cha daktari, na ukubwa wa chembe ukapanda tena hadi 67. Kuanzia hapo alitoa damu kila baada ya miezi minne, na hakuteremka tena hadi alipostaafu.

Naomba tahadhari moja ichukuliwe kwa uzito. Watu wengi humpa mbwa wao vidonge vya chuma vya binadamu kwa nia njema. Chuma kikizidi ni sumu kwa mbwa. Huunguza tumbo na kuharibu ini. Hata maini, ambayo kila mtu huyasifu, yakitolewa kila siku kwa wingi humjaza vitamini A kupita kiasi. Chakula kamili cha mbwa kinatosha baina ya zamu, na dawa ianze pale tu kipimo kinapoonyesha upungufu.

Kuhusu magonjwa, mtoaji hufaidika kwa namna yake: damu ya Doa ilichunguzwa Babesia na Ehrlichia (vijidudu vinavyoenezwa na kupe) pamoja na minyoo ya moyo kila mwaka, uchunguzi ambao mimi nisingeukumbuka. Kwa upande mwingine, kazi hiyo ilihitaji nidhamu ya kinga dhidi ya kupe mwaka mzima, maana kupe mmoja angeweza kumdhuru yeye na yule anayepokea damu yake.

Ningekuwa mimi, ndugu, ningekubali mbwa atoe damu, lakini ningeomba muda uwe angalau wiki 12 badala ya nane, na kipimo kamili cha damu, chenye ukubwa wa chembe, kifanywe kila baada ya mara tatu. Akianza kujivuta mlangoni au kutetemeka mezani, apumzishwe hata kama vipimo ni vizuri. Na karatasi ya vipimo vya kwanza, vile vya kabla hajatoa hata mara moja, usiiache kliniki peke yake; bila ile nambari 69 niliyoihifadhi nyumbani, daktari yule asingejua Doa ameshuka kutoka wapi.