JIBU: Hesabu moja nimeiandika kwa lugha tatu za kompyuta, kuna ubaya?

Mkuu, futa hizo nakala. Leo leo. Umesema hesabu ya ada ya mkopo iko Python kwenye seva, umeinakili JavaScript kwenye tovuti, sasa unaipeleka Kotlin kwenye programu ya simu, na unatafuta zana ya kukagua marudio. Tumbo limeniuma kusoma hilo. Huyo ni mimi wa miaka minne iliyopita, ila mimi nilikuwa bado na nywele.

Kazini tulikuwa na bwana tukimwita Profesa. "Nakili tu dogo, hesabu ni hesabu, lugha ni nguo." Moto ulipowaka, Profesa alishapata kazi kwingine. Watu hawa wana pua ya kunusa moshi!

Sasa fuata. Mwanachama wa chama cha mikopo kakopa shilingi 12,450, ada asilimia 1, yaani 124.5. Math.round ya JavaScript, amri ya kuifanya namba iwe nzima, inakupa 125. round ya Python 3 inakupa 124, maana ikikuta nusu kamili inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Haijakosea, ndivyo ilivyotengenezwa. Python 2 ilikuwa inatoa 125, na mafunzo niliyosomea yalikuwa ya enzi hizo. Mimi nilijaribu kwa 12,550 tu, ada 125.5, zote zikasema 126, nikaenda kula.

Mweka hazina wa chama, mama mmoja mwenye daftari na kalamu nyekundu, akaja na kurasa sita za tofauti ya shilingi moja moja. "Mwanangu, hii moja inakwenda wapi?" Mwanangu! Bora angenitukana. Wanachama walishaanza kunong'ona kuna mtu anadokoa.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Badala ya kubakiza hesabu moja, nikazilazimisha nakala zifanane: Python nikaiambia iongeze nusu kisha ishushe kwa floor, amri inayoshusha hadi namba nzima ya chini. Zikalingana, wiki tatu za amani. Halafu mikopo ikaanza kufutwa na ada kurudishwa, na marejesho tuliyaandika kama namba hasi. Math.round ya -124.5 ni -124. Floor yangu nayo, -124. Tunakata 125, tunarudisha 124. Sasa tukawa tunadokoa kweli, tena kwa lugha mbili! Nikarekebisha seva, nikarekebisha tovuti, nikasahau ripoti ya mwisho wa mwezi, ambayo nayo ilikuwa na nakala yake. Mama akaiona kabla yangu. Hela yenyewe niliilipa mfukoni, haikufika bei ya chipsi mayai. Mkataba wa matengenezo ndio walimpa mtu mwingine.

Na Kotlin unayoikimbilia: round ya kotlin.math, maktaba yake ya hesabu, nusu inaipeleka kwenye shufwa, roundToInt inaipandisha juu. Lugha moja, majibu mawili.

Zana? CPD, kikagua marudio kilicho ndani ya zana iitwayo PMD, inashika vipande vya msimbo vilivyorudiwa, ila ndani ya lugha ileile. Python yako na Kotlin yako haitajua ni ndugu.

Ada ipigwe kwenye seva, basi. Tovuti na simu ziombe jibu, zilionyeshe. Mtandao ukikatika, simu iandike "ada itaonekana mtandao ukirudi". Kurudisha ada? Soma kiasi kilichokatwa, rudisha hichohicho, usipige hesabu upya.

Weka 12,450 kwenye zote tatu sasa hivi, ulete majibu hapa.