Chama cha historia kianzie kwenye kabati la parokia

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, mzee. Vijana wa parokia yetu tunataka kuunda chama cha kuchunguza historia ya Ukatoliki huku Rukwa. Wenzangu wanataka tuanze na kitabu cha jubilei. Wewe uliyekuwa karani wa parokia unasemaje?
– Msomaji, Sumbawanga

JIBU: Milele na milele, amina. Kitabu kingoje. Vya jubilei nimesoma vingi: picha za askofu tele, makatekista nusu ukurasa.

Wakatoliki wa Uingereza walipounda chama chao cha historia, Catholic Record Society, mwaka 1904, walijipa kazi ya kuchapa nyaraka zenyewe: vitabu vya ubatizo, orodha za wafungwa, majina ya waliotozwa faini kwa kukataa kusali katika kanisa la serikali. Tangu 1581 faini hiyo ilikuwa pauni 20 kwa mwezi, pesa ambayo mkulima wa kawaida hakuwa nayo. Karatasi za watoza faini ndizo zinazowatajia wajukuu leo mababu zao waliogoma.

Nanyi mnazo karatasi zenu. Mapadri Weupe, wamisionari waliokabidhiwa na Wabelgiji mwaka 1885 ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, walikuwa na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba kila misheni iandike shajara, yaani daftari la matukio ya kila siku. Halafu kuna kitabu cha ubatizo. Vile vya zamani vimeandikwa Kilatini, lakini msitishike, maneno ni yale yale kila mstari. Tazameni pembeni mwa jina: hapo paroko huongeza kipaimara na ndoa. Binti aliyebatizwa kwenu akiolewa parokia nyingine, taarifa hurudi kwenu na kuandikwa hapo, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine. Kwa pembe hiyo tu mtajua watu wenu walihamia wapi.

Ombeni ruhusa ya paroko kwa barua. Ukurasa uliochanika msiubandike selotepu. Hugeuka njano na gundi yake hula karatasi. Na picha za kurasa zisiende WhatsApp! Mle mna watoto wa nje ya ndoa ambao bado wako hai, na jirani zao wanajua kusoma.

Wakati huohuo, wawili wenu waende kwa makatekista wazee na kinasa sauti, wiki hii, si baada ya uchaguzi wa mwenyekiti.

Kazi ya kwanza ya pamoja iwe orodha ya vilivyomo kabatini. Kanuni ya 491 ya Sheria za Kanisa inataka nakala mbili: moja ibaki parokiani, nyingine iende jimboni.