Maswali ya Wasomaji: Nimeitwa, Lakini Mimi ni Nani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kanisani nimeombwa niongoze darasa la Biblia la watu wazima, kwa kuwa aliyekuwa akiliongoza amehama. Sijakanyaga chuo cha Biblia, na nikisimama mbele za watu mikono hutetemeka hadi karatasi inasikika. Wazee watatu wameniambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba wanaona ni mwito wangu. Nami nasikia msukumo moyoni, ila hofu imenizidi. Je, hofu hii ni dalili kwamba sijaitwa?

JIBU: Amina, ndugu. Hofu peke yake haithibitishi lolote. Yona aliitwa akakimbia. Yeremia aliitwa akalalamika kwamba yeye ni mtoto, kisha akaenda. Gideoni alibomoa madhabahu ya Baali usiku, akiwa na watumishi kumi, kwa sababu aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na wa mji ule. Hakuna aya inayomkemea kwa kungoja giza. Paulo naye anawakumbusha Wakorintho kwamba alikuwa kwao katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi. Kwa hiyo, karatasi yako isikutie aibu.

Lakini katika barua yako kuna mambo mawili yaliyochanganyika, nayo yana dawa tofauti. Gawa ukurasa wa daftari katikati. Upande mmoja andika unachoogopa: kuchekwa, kusahau, kuulizwa swali gumu. Upande wa pili andika usichojua: namna ya kuandaa somo, nani alimwandikia nani, na kwa nini. Ya upande wa kwanza hayapungui kwa kungoja. Hupungua kwa kufanya. Ya upande wa pili hayapungui kwa ujasiri. Yanataka kusoma na kufundishwa. Wapo wanaosema "bado najiandaa" miaka nenda miaka rudi, kumbe wanaogopa tu. Wapo pia wanaopanda mimbarini bila kuandaa chochote wakidai Roho atasema, na hao wa pili ndio wanaotusumbua zaidi, maana wanaoumia ni wasikilizaji. Apolo alikuwa msemaji hodari aliyeyajua maandiko, hata hivyo Prisila na Akila walimchukua wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Alikubali kufundishwa, huku tayari akihudumu.

Soma Kutoka 3 na 4 taratibu. Musa anatoa vipingamizi vitano: mimi ni nani, nikiulizwa jina lako nitasemaje, hawataniamini, ulimi wangu ni mzito, na mwisho, tuma mtu mwingine. Kwa swali la kwanza Mungu hamsifu wala hamwambii kwamba anafaa. Anamwambia, "Nitakuwa pamoja nawe." Vinne vya kwanza vinajibiwa kwa subira. Hasira ya Bwana inawaka kwenye cha tano, pale Musa alipoishiwa sababu akabaki hataki tu. Hata hapo alipewa Haruni wa kumsemea. Basi jipime: ukijibiwa hoja zako zote, utaenda? Kama ndiyo, wewe bado uko kwenye vile vinne.

Sasa kazi yenyewe. Usikubali darasa "moja kwa moja". Omba miezi mitatu ya majaribio, na mzee mmoja akae darasani kila mara. Huo si ukosefu wa imani: 1 Timotheo 3:10 inataka mashemasi wajaribiwe kwanza ndipo wahudumu.

Kwa somo la kwanza chukua kifungu kifupi, aya 10 hadi 15. Kisome kwa sauti mara tatu, siku tofauti. Andika sentensi moja inayosema kifungu kinafundisha nini; ikikushinda, hujakielewa, rudi usome sura iliyotangulia na inayofuata. Kisha andaa maswali manne ya kuuliza darasa. Kosa la wageni wote wa kazi hii ni kuandaa hoja kumi na mbili, wakafika ya tano muda umekwisha, wakaanza kukimbia. Dakika 30 zinatosha hoja mbili.

Kuhusu kutetemeka: weka maandishi mezani au kwenye kimimbari, usiyashike. Andika neno kwa neno sentensi tatu za kuanzia na mbili za kumalizia, maana huko ndiko ulimi hukwama; katikati andika vidokezo tu. Mpe mtu mwingine asome kifungu mwanzoni, nawe upate kutulia huku ukishusha pumzi polepole. Somo lote lirudie nyumbani ukiwa umesimama, kwa sauti kamili.

Ukiulizwa usichojua, sema, "Hilo sina jibu lake leo, nitalitafuta," uliandike mbele yao, na wiki inayofuata ulijibu kabla ya kitu kingine. Baada ya somo usiulize, "Nilifanyaje?" Watakupongeza kwa adabu. Uliza watu wawili, "Umeelewa nini?" Wakirudia ile sentensi yako moja kwa maneno yao, umefundisha. Miezi mitatu ikiisha na hakuna anayeelewa, huenda mwito wako uko mahali pengine, na kujua hivyo ni faida pia.

SWALI: Je, ni vibaya kumwomba Mungu ishara kama ngozi ya Gideoni?

JIBU: Gideoni alikuwa ameshaambiwa waziwazi la kufanya kabla ya kuweka ngozi ya kondoo nje usiku aone kama umande utaanguka juu yake tu, na yeye mwenyewe aliomba asikasirikiwe alipoirudia mara ya pili. Mungu alimvumilia. Hatuoni mitume wakifundisha kanisa njia hiyo. Kule Antiokia, Matendo 13, watu walifunga, wakaomba, wakawekea mikono ndugu waliokuwa tayari wakifanya kazi.

SWALI: Mume wangu anasema ameitwa kuhubiri, na anataka kuacha kazi mwezi ujao. Tuna watoto. Nikisita ananiambia sina imani.

JIBU: Pole, dada. Paulo alishona mahema huko Korintho huku akihubiri, na hakuna aliyemwambia hana imani. Tena Yesu mwenyewe alisema ajengaye mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Mwombe mume wako mambo matatu. Kwanza, ahudumu jioni na mwisho wa juma kwa mwaka mmoja huku akiwa kazini. Pili, mkae na mchungaji na mzee mmoja, wewe ukiwepo, nao waseme kama wameuona mwito huo kabla yeye hajautangaza. Tatu, muandike pamoja ada, kodi na chakula cha miezi sita, na kila shilingi itatoka wapi. Akikataa hilo la pili, mwambie mchungaji mapema, kabla barua ya kuacha kazi haijaandikwa.